Ufundi wa Swali

Mhadhiri anayeijua kazi yake utamtambua kwa swali analouliza, na zaidi kwa kimya anachokiacha baada ya kuuliza.

Chukua swali hili. Lori lililosheheni mizigo limegongana uso kwa uso na gari dogo. Lipi limelisukuma lenzake kwa nguvu zaidi? Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya tatu ya Newton neno kwa neno mara nyingi atajibu: lori. Kumbe nguvu ni sawa pande zote mbili. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa ni jepesi, na mwendo wake hubadilika ghafla zaidi.

Eric Mazur alianza kufundisha fizikia Harvard mwaka 1984, na wanafunzi walimsifu. Mwaka 1990 aliwapa maswali ya aina hii. Mmoja wao akataka kujua: ajibu kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Mazur hakuudhika. Alirudi akajifunza upya kazi yake. Tangu hapo huweka swali, kila mmoja hufikiri peke yake na kuchagua jibu, kisha humgeukia jirani aliyechagua tofauti na kujaribu kumshawishi. Halafu wanachagua tena.

Ukiwa mbali utadhani ni kelele tu. Sogea karibu. Majibu yasiyo sahihi yametungwa kwa makosa ambayo mhadhiri aliyasikia vinywani mwa wanafunzi wenyewe, miaka na miaka. Swali likiwa jepesi, hakuna la kujadili. Likiwa gumu mno, jirani hana cha kumpa jirani. Fundi hulipima mpaka kama nusu ya darasa ipate na nusu ikose. Kisha hupita kati ya viti akitega sikio, kwa kuwa somo la dakika kumi zijazo linatoka humo.

Ufundi huu haurithiwi, unafundishwa. Msomi wa uzamivu hukaa miaka kadhaa chini ya mkubwa wake akijifunza utafiti, kisha wengi hupewa darasa bila uanagenzi wa hata wiki moja. Seremala hakabidhiwi mlango namna hiyo.

Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, aliamua kulishughulikia hilo. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, darasa moja la fizikia la wanafunzi wapatao 270 lilibaki na profesa mzoefu aliyependwa. Darasa la pili, la ukubwa huohuo, kwa wiki moja lilikabidhiwa kwa Louis Deslauriers na Ellen Schelew, watafiti chipukizi wenye uzoefu mdogo wa kufundisha lakini waliofunzwa namna ya kufundisha. Kwenye jaribio moja, darasa la profesa lilipata wastani wa asilimia 41. La vijana, 74. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011.

Naheshimu zaidi sehemu ndogo kuliko zote ya ufundi huu. Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri tatu, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde mbili za ziada: mwanagenzi huzihesabu moyoni, jibu likimwasha ulimini, naye anaendelea kusubiri.