Ukoo wa Anthony Johnson katika Sijili za Northampton

Kaunti ya Northampton, iliyo upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake katika Virginia, imejaliwa neema ambayo kaunti nyingi za kusini mwa Marekani ziliikosa, nayo ni kwamba vitabu vya mahakama yake vimesalimika mfululizo tangu mwaka 1632, ilhali vya kwingine viliteketea, vingine kwa moto wa ajali na vingine kwa moto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Kwa kusalimika huko watafiti wameweza kuufuata, hatua kwa hatua na kwa vizazi vitatu, ukoo wa mtu aliyeletwa Virginia akiwa mateka, hana jina la baba wala la kabila lililoandikwa, akafa akiwa mwenye shamba, ng'ombe na wajukuu. Njia waliyoipita ndiyo ninayokusudia kuichambua, kwa sababu watu wengi hudhani kuwa kutafuta nasaba ni kutafuta cheti cha kuzaliwa cha kila mtu, na cheti cha namna hiyo kwa mtu kama Anthony Johnson hakikuandikwa kamwe.

Yafaa kwanza kuijua mahakama yenyewe. Mahakimu wake walikuwa wenye mashamba wa kaunti, nao, juu ya kusikiliza madai ya madeni na ugomvi wa majirani, walisajili hati za ardhi, wosia, alama za masikioni mwa ng'ombe, na misamaha ya kodi. Karani hakuandika kwamba fulani ni mwana wa fulani kwa kupenda nasaba. Aliandika kwa kuwa mali ilikuwa ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, au kwa kuwa mtu alitakiwa alipe kitu naye akaomba asilipe. Udugu umo ndani ya sijili hizi, lakini umo kama mpita njia, na mtafiti anayetaka kuuona hana budi kusoma mambo ya tumbaku na mipaka kwa saburi ile ile ambayo angeisomea shajara ya ukoo.

Mwanzo wa habari hauko Northampton. Uko katika hesabu ya watu iliyofanywa Virginia mwanzoni mwa mwaka 1625, ambamo, katika shamba la Bennett lililokuwa kando ya mto James, ametajwa Mwafrika aitwaye Antonio, aliyewasili mwaka 1621 kwa jahazi lililoitwa James, na pamoja naye mwanamke aitwaye Mary, aliyewasili mwaka 1622 kwa jahazi Margaret and John. Shamba hilo lilikuwa limeshambuliwa na wenyeji wa nchi, Wapowhatan, tarehe 22 Machi 1622, siku ambayo wakoloni 347 walihesabiwa kuwa wameuawa katika Virginia nzima. Baada ya hesabu ile Antonio anatoweka katika karatasi kwa miaka mingi, na anayejitokeza upande wa pili wa ghuba, katikati ya karne ile, ni Anthony Johnson, mtu huru, mwenye mke aitwaye Mary. Je, ni mtu mmoja? Hakuna karatasi hata moja isemayo hivyo, na jibu lililopatikana limejengwa juu ya amri moja ya mahakama ambayo yastahili kuangaliwa kwa karibu.

Amri hiyo ilitolewa baada ya moto kuiunguza mali ya akina Johnson. Mahakimu, wakiitazama hasara yao, na wakikumbuka kwamba watu hao walikwisha kukaa Virginia zaidi ya miaka thelathini na kujulikana kwa kazi yao ngumu, waliamuru kwamba Mary na binti zake wawili wasamehewe kodi za kaunti maisha yao yote. Katika sentensi hiyo moja mtafiti anapata mke, mabinti wawili, na muda wa ukaazi. Na muda huo, ukihesabiwa kurudi nyuma, unaangukia penye miaka ya 1621 na 1622, yaani miaka ya yale majahazi mawili. Jina la mume, jina la mke, na hesabu ya miaka vikipatana vitatu pamoja, shaka inapungua kiasi cha kuridhisha akili, ingawa kila kimoja kikiwa peke yake kisingeweza kuthibitisha neno. Aidha msamaha wenyewe unaeleza hali yao: tangu mwaka 1643 sheria ya Virginia iliwatoza wanawake wa Kiafrika kodi ya kichwa ambayo wanawake wa Kiingereza kwa kawaida hawakutozwa, na lau si dhuluma hiyo kusingekuwa na haja ya kuwaombea msamaha, wala sisi tusingejua kwamba mabinti hao walikuwapo.

Tarehe ya amri hiyo katika kitabu ni 28 Februari 1652, na hapa pana shimo ambalo wengi wametumbukia. Waingereza wa wakati ule, hata kufika mwaka 1752, walianza mwaka wao tarehe 25 Machi, na kwa hiyo Februari ya 1652 katika maandishi yao ni Februari ya 1653 katika hesabu yetu. Asiyelijua hilo atauweka moto kabla ya hati ya ardhi ambayo John, mwana wa Anthony, aliipata mwezi Mei 1652, ilhali ulikuja baada yake, na akiendelea hivyo atazisoma kinyume nyaraka za ukoo mzima.

Hati ya Anthony mwenyewe, ya Julai 1651, ilimpa ekari 250. Katika Virginia ya siku hizo kila aliyelipa nauli ya mtu kuletwa kutoka ng'ambo alistahili ekari 50, haki iliyoitwa ya kichwa, na kwa hiyo hati hiyo inataja majina matano. Mojawapo ni Richard Johnson, na msomaji mwepesi atafurahi kwamba amempata mwana wa Anthony aliyeitwa Richard, ambaye mwaka 1654 alipewa ekari 100 zake mwenyewe kwa vichwa viwili. Mimi nisingefanya haraka hivyo. Haki hizi za vichwa ziliuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine, jina lilipita mikono kadhaa kabla ya kuandikwa, na kutajwa kwa mtu katika hati hakuthibitishi kwamba aliletwa mwaka ule wala kwamba mwenye hati ndiye aliyemleta. Jina jingine katika hati hiyo, lililoandikwa Jno. Gesorroro, lina uzito zaidi, kwa kuwa wataalamu wanalinasibisha na John Casor, Mwafrika aliyekuwa mikononi mwa Johnson, na ambaye kesi yake imehifadhi habari za ukoo huu kuliko wosia wowote.

Kesi hiyo ni chungu kuisoma. Kapteni Samuel Goldsmith alitoa ushahidi kwamba mnamo Novemba 1654 alikwenda nyumbani kwa Johnson kwa shughuli ya pipa la tumbaku, na Casor akamlalamikia kuwa alikuja Virginia kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemzuia miaka saba kupita muda wake. Mke wa Johnson, wanawe wawili wa kiume, na mkwewe walimshawishi mzee amwachie huru, naye akamwachia. Kisha akajuta, akamshitaki Robert Parker aliyemchukua Casor, na mahakama ikaamua Casor arudi kwa Johnson. Hukumu imeandikwa 8 Machi 1654, na kwa kalenda ya leo hiyo ni Machi 1655; asiyelizingatia hilo atakuta hukumu imetangulia ziara ya Goldsmith. Mtu aliyeonja utumwa aliidai nafsi ya mwenzake mbele ya mahakimu wa Kiingereza, akapewa, wala simwoni mwandishi wa nasaba mwenye haki ya kulifunika jambo hilo ili ukoo upendeze. Lakini tazama pia kilichopatikana humo: neno moja tu, mkwewe, linatujulisha kwamba kufikia mwaka 1654 binti mmoja alikwisha olewa.

Shida ya watu wa jina moja haikuepukika. Mwaka 1645 sijili inamtaja Anthony mweusi aliyegawana shamba la mahindi na Bwana Taylor, akashukuru kwamba sasa anaijua ardhi iliyo yake. Wengi wamemfanya kuwa ndiye Johnson, na huenda ndiye. Lakini katika kaunti hiyo hiyo alikuwapo Tony Longo, naye mweusi, naye huru. Katika hali kama hiyo dawa ni majirani: mtafiti huandika majina ya wote wanaopakana na ardhi, wanaoshuhudia hati na wanaodaiana, kisha huchora viwanja kwa vipimo vya mpima ardhi, ambaye fimbo yake moja ni futi 16 na nusu, mpaka kila mwenye jina akae mahali pake. Isitoshe, mwaka 1663 kaunti iligawanywa, upande wa kaskazini ukaitwa Accomack, na tangu hapo vitabu vya pande mbili havina budi kufunguliwa pamoja.

Mwaka 1665 Anthony na Mary waliuza ekari 200, wakamwachia Richard ekari 50, wakahamia kaunti ya Somerset katika Maryland, ambako Anthony alikodi ekari 300 zilizoitwa Tonies Vineyard. Tarehe ya kifo chake haikuandikwa, bali inadokezwa na karatasi mbili za mwaka 1670: mkataba wa shamba la Maryland uliofanywa upya kwa jina la Mary, na uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama huko Virginia kwamba ardhi ya marehemu irejee kwa mfalme, kwa hoja kuwa alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Uamuzi huo uliwanyang'anya warithi haki yao, na bado ndio unaomsaidia mtafiti kujua kwamba mzee amekwisha kufa. Miaka miwili baadaye Mary aliwapa wajukuu wake watatu ng'ombe, na kwa hati hiyo kizazi cha tatu kikapata majina.

Mwaka 1677 John Johnson mdogo, mjukuu, alinunua ekari 44 huko Somerset, akaliita shamba lake Angola. Jina hilo linapatana na tunayoyajua kuhusu mateka wa miaka ile, ambao Wareno waliwapakia Luanda, na linapatana na jina Antonio, ambalo ni la Kireno. Lakini ni dalili, si hati, na aliyelitoa hakuzaliwa Afrika. Yeye alifariki bila mrithi, na kufikia mwaka 1730 ukoo huu hauonekani tena katika karatasi. Hata hivyo, aliyetoweka ni mwenye jina la Johnson. Mabinti wawili waliosamehewe kodi hawakutajwa majina katika amri ile, wala mkwe wa mwaka 1654 hakutajwa, na dhuria yao, kama ilikuwapo, ilichukua jina jingine. Kwa hiyo atakayeiendeleza kazi hii aanze na orodha za kodi za Northampton na Accomack za miaka ya 1660, ambamo weusi huru wenye nyumba wameandikwa kwa majina, ampime kila aliyekuwa na mke miongoni mwao kwa majirani zake, madeni yake, na ng'ombe aliopewa.