Kuoa na Kuolewa: Mwanamke Mwenye Upanga katika Filamu za Katuni za Kijapani na Hukumu ya Watazamaji

Miongoni mwa wahusika wa kike wa filamu za katuni za Kijapani, ziitwazo anime, yuko mmoja ambaye hurudi kizazi baada ya kizazi: msichana aliyelelewa au aliyejilea kama mvulana, avaaye mavazi ya kiume, ashikaye upanga na kuwashinda wanaume wa rika lake. Watazamaji wake wamegawanyika tangu zamani. Kundi moja humsifu kwa kuwa amekuwa kama mwanamume. Kundi la pili humlaumu, au huwalaumu waliomtunga, kwa kuwa mwishoni huuweka upanga chini na kuwa mke wa mtu. Kiswahili kina neno kwa mtu wa namna hiyo, nalo ni jikedume. Neno hilo hutamkwa kwa sifa na hutamkwa kwa kejeli, pengine na msemaji yule yule.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili hutazama vazi na upanga kupita kiasi. Jambo linaloamua sura ya mwanamke katika filamu hizo limo zaidi katika usemi: jinsi anavyojitaja, jinsi anavyotajwa, na hasa kitenzi kitumikacho pindi ndoa inapozungumzwa. Filamu zitakazochunguzwa ni tatu: Ribon no Kishi ya mwaka 1967, Versailles no Bara ya mwaka 1979, na Shōjo Kakumei Utena ya mwaka 1997.

Kwanza yafaa kusema machache juu ya lugha. Mjapani ana namna nyingi za kusema "mimi". Boku na ore ni za wanaume; atashi ni ya wanawake; watashi hutumiwa na jinsia zote katika usemi wa heshima. Hata viishio vya sentensi humwonyesha msemaji kuwa ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo mhusika wa kike akijiita boku, mtazamaji wa Kijapani amekwisha kupewa habari nzito kabla hajaona upanga wowote. Kifaransa, ambacho ndicho lugha wanayozipatia filamu hizi watazamaji wengi wa Kongo, hakina nafasi hiyo. Neno je halisemi kitu juu ya jinsia, lakini kivumishi kinachofuata kitasema, na mfasiri atalazimika kuchagua. Filamu ya Versailles no Bara, ambayo jina lake maana yake ni Waridi la Versailles tu, ilipofika Ufaransa mwaka 1986 ilipewa jina la Lady Oscar. Siri ya mhusika ilikuwa imekwisha kutolewa mlangoni.

Kiswahili kinakwenda njia ya tatu. Mimi, wewe na yeye hazina jinsia, wala kiambishi a- hakina. Ukisema "Askari amefika, amechoka, anataka maji", hakuna ajuaye kama ni mwanamume au mwanamke. Mwana wa mfalme naye aweza kuwa wa kiume au wa kike. Lakini ipo sehemu moja ambapo lugha hii isiyojali jinsia inakuwa kali ghafla: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na baba humwoza binti yake. Kuoana kupo, na kunaficha kidogo. Hata hivyo, katika usemi wa kila siku, anayeulizwa kama ameoa na anayeulizwa kama ameolewa si watu wa jinsia moja. Kitenzi hiki ni kipimo kizuri kwa wahusika wanaojadiliwa hapa.

Ribon no Kishi, yaani Askari wa Utepe, ilianza kama hadithi ya picha ya Tezuka Osamu mwaka 1953, kisha ikawa filamu ya televisheni yenye sehemu 52. Saphir anazaliwa akiwa na mioyo miwili, wa mvulana na wa msichana, kwa kosa la malaika mdogo mbinguni. Sheria ya nchi yake inamkataza mwanamke kurithi kiti, basi wazazi wanamtangaza kuwa ni wa kiume. Hapa Kiswahili kingewafaa sana wazazi hao: wangesema "mwana wa mfalme amezaliwa" bila kusema uongo wowote. Udhaifu wa hadithi ni ule moyo wa pili. Ushujaa wa Saphir unaelezwa kwa moyo wa kiume alionao kifuani; upanga si wake kama mwanamke, ni wa mgeni anayeishi ndani yake. Mwishoni anaolewa na mwana wa mfalme wa nchi jirani, na kitenzi hakileti taabu yoyote. Watazamaji wasemao kwamba "alikuwa kama mwanamume" wamesoma sawasawa, kwa sababu Tezuka mwenyewe aliwapa tafsiri hiyo mkononi.

Kosa ni kuibeba tafsiri hiyo hadi kwa Oscar.

Oscar François de Jarjayes ni binti wa mwisho wa jenerali asiye na mtoto wa kiume. Baba anampa jina la kiume, anamfundisha upanga, na kumfanya askari wa kumlinda Marie Antoinette. Ikeda Riyoko, aliyeichora hadithi katika jarida la Margaret mwaka 1972 na 1973, alikuwa amemkusudia malkia awe mhusika mkuu. Wasomaji, wengi wao wasichana wa shule, walimpenda askari zaidi, na hadithi ikamfuata askari. Ni mfano adimu wa hadhira kumpandisha cheo mhusika wa kike kwa mapenzi tu. Mwaka 1974 hadithi iliingia katika jukwaa la Takarazuka, kundi la maigizo ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, na ambalo hadhira yake nayo kwa sehemu kubwa ni wanawake. Watazamaji hao waliokwenda kumwona Oscar hawakudanganyika hata dakika moja kwamba wanamtazama mwanamume. Walijua ni mwanamke, na ndiyo sababu walimpenda. Kusema kwamba Oscar anasifiwa kwa kuwa "kama mwanamume" ni kuwapa hadhira ile macho ambayo haikuwa nayo.

Usemi wake unathibitisha hayo. Oscar hajiiti boku kama Saphir avaapo vazi la kiume. Hujiita watashi, neno la wote, ila humaliza sentensi zake kwa viishio vya kiume na vya amri. Hakuna moyo wa pili wa kumsaidia. Wala hajifichi: baraza zima la mfalme linajua kwamba mkuu wa kikosi ni mwanamke. Askari wa kikosi cha Gardes françaises, anakohamia baadaye, wanakataa kuongozwa naye kwa sababu hiyo hiyo, na inambidi awapate mmoja mmoja.

Kisha inakuja habari ya ndoa. Baba, akiona nchi inaelekea kwenye moto, anajuta kwa malezi aliyompa na anaamua kumwoza kwa Girodelle, aliyekuwa afisa chini yake. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapa hana pa kujificha. Kwa muda mrefu Oscar ametajwa kwa a- isiyo na jinsia, "ameamuru", "ameshinda", "amekataa", na sasa kwa mara ya kwanza kitenzi kinamgeuza kuwa mtu wa kutendewa: anaozwa. Katika hadithi ya picha Oscar anakataa, na badala ya kumlaumu baba kwa kumlea kiume anamshukuru, kwa kuwa malezi yale yalimpa dunia pana ambayo wanawake wa nyumba yake hawakuijua. Shukrani hiyo ni miongoni mwa mambo bora ya kazi nzima, nayo hutajwa mara chache kuliko gauni alilovaa usiku mmoja ili acheze na Fersen.

Filamu, hata hivyo, inafanya jambo jingine, na hapa lawama za kundi la pili zina msingi. Sehemu za mwanzo ziliongozwa na Nagahama Tadao. Kuanzia sehemu ya 19 uongozi ulishikwa na Dezaki Osamu, aliyemtazama André, mtumishi na mpenzi wa Oscar, kwa jicho la karibu zaidi. Katika hadithi ya picha, siku za Julai 1789, Oscar anavua alama za cheo chake kwa uamuzi wake na kuungana na raia wa Paris. Katika sehemu ya 38 ya filamu anasimama mbele ya askari wake akawaeleza kwamba amekwisha kuwa mke wa André, kwamba kama mtu huyo atapigana upande wa raia basi yeye atamfuata, na anamwomba André atoe amri. Hapakuwa na padri wala mahari. Usiku mmoja ulitosha kumfanya mkuu wa kikosi aombe amri kwa aliyekuwa mtumishi wa nyumba yao. Mwanafunzi aliyesoma Utendi wa Mwana Kupona ataitambua adabu hiyo bila kuelezwa, ingawa Mwana Kupona alimuusia binti yake nyumbani, si mbele ya bunduki.

Watetezi wa Dezaki husema kwamba Oscar anachagua mwenyewe kutii, na kwamba kumtii mtu wa tabaka la chini ni mapinduzi kwa binti wa kikabaila. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Tabaka linapinduliwa kweli. Jinsia inarudishwa mahali pake kwa wakati ule ule, na filamu haionekani kujua kwamba imefanya yote mawili. Tena, anayetaka kuilaumu filamu yafaa aanze mapema zaidi ya sehemu ya 38. Katika sehemu ya 28 André anamshika Oscar kwa nguvu na kumrarua shati, halafu hadithi inaendelea kana kwamba huzuni ya André ndiyo iliyo nzito kuliko hofu ya Oscar. Kutoka shati lile hadi ombi la amri ni njia moja iliyonyooka. Watazamaji wanaolia kwa ajili ya André, na ni wengi, wana haki ya kulia. Kifo chake kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Machozi hayo yasiwe sababu ya kuusahau usiku ule.

Filamu ya tatu ni kama jibu. Ikuhara Kunihiko, aliyekwisha kuongoza sehemu nyingi za Sailor Moon, alitoa Shōjo Kakumei Utena mwaka 1997, sehemu 39. Utena ni mwanafunzi aliyekutana utotoni na mwana wa mfalme akamfariji, naye badala ya kutamani kuolewa naye anatamani kuwa yeye. Hujiita boku. Hapa Kiswahili kinamshinda mfasiri kinyume na ilivyokuwa kwa Saphir: "Utena anataka kuwa mwana wa mfalme" ni sentensi isiyoshangaza mtu, maana binti naye ni mwana. Itabidi kuongeza "wa kiume", na kwa kuongeza hivyo mzaha wote wa Kijapani unakuwa mzito.

Shuleni mwake kuna mapambano ya upanga, na anayeshinda hupewa Anthy, Bibi Arusi wa Waridi. Utena anashinda bila kujua zawadi ni nini, na kwa hiyo amekuwa mchumba wa msichana mwenzake. Watazamaji wengi walimwangalia Utena: nywele zake, upanga wake, ujasiri wake. Anthy, apigaye magoti, apigwaye makofi, amwitaye kila mshindi kwa jina la heshima, alionekana kwao mnyonge asiye na utashi. Tena kaka yake na yeye wamechorwa wenye ngozi nyeusi kati ya weupe wengi, jambo ambalo mtazamaji wa Afrika hawezi kuacha kuliona anapomtazama akipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Lakini ni Anthy anayebeba hoja ya filamu. Kwa kila pambano anaozwa upya. Na Utena, aliyemwonea huruma na kumkataza kujiita mali ya mtu, bado anamshikilia kama mshindi amshikiliavyo aliyeshindaniwa. Sema "Utena amemwoa Anthy", na msikilizaji wa Kiswahili atashtuka kwa sababu ya jinsia; filamu inataka ashtuke kwa sababu ya kitenzi chenyewe, cha kutenda kwa mmoja na kutendewa kwa mwingine, hata mtendaji awe mwema kiasi gani.

Katika sehemu ya 38 Anthy anamchoma Utena kwa upanga mgongoni, akimwambia kwamba hawezi kuwa mkombozi wake kwa kuwa ni msichana. Wapo waliomchukia kwa tendo hilo. Wanaomchukia wamesahau kwamba mbele yake amesimama mtu mwingine tena aliyejipa kazi ya kumwokoa. Utena aliyejeruhiwa anauacha upanga, anafungua jeneza alimojificha Anthy kwa mikono mitupu, kisha anatoweka. Shule inamsahau upesi. Kaka wa Anthy anajitayarisha kuanza mashindano upya, akidhani dada yake bado yupo kwa ajili hiyo.

Anthy anavua miwani, anachukua mfuko wake, anamwambia kaka yake abaki na mchezo wake, na anatoka getini. Mfasiri wa sehemu hiyo ya mwisho hatapata shida: ameondoka, amekwenda kumtafuta.