Msafiri, Mnyama na Mpagazi

Neno safari lilitoka katika Kiarabu likaingia katika Kiswahili, na katika karne ya 19 Waingereza wakalichukua kutoka kwa Waswahili. Kwa mtu wa pwani lilikuwa neno la shughuli: mtu husafiri kwa biashara, kwa kuhiji, kwa kutazama jamaa, au kwa kumkimbia adui. Kwa Waingereza likawa jina la mwendo wa kuwinda, na baadaye la mwendo wa kutazama wanyama. Sasa limerudi kwa wenyewe likiwa limevaa mavazi mageni, hata kijana wa Arusha akisema kwamba anafanya kazi ya safari, hapana amwulizaye anakwenda wapi. Neno likigeuka hivi, vitabu vielezavyo jambo lake navyo hugeuka. Yafaa basi viulizwe swali moja: katika habari hizi za safari, ni nani apewaye jina, na ni nani apewaye nafasi ya kusema?

Ernest Hemingway wa Marekani aliwinda katika Tanganyika tangu mwisho wa mwaka 1933 mpaka mwanzo wa 1934, na katika mwaka wa 1935 akatoa kitabu chake, Green Hills of Africa. Katika dibaji asema kwamba hakubuni mtu wala tukio; alitaka kujaribu kama habari ya kweli, ikiandikwa sawasawa, yaweza kushindana na hadithi ya kubuni. Jaribio hilo ni la heshima, na kwa sehemu kubwa amefaulu. Vumbi, kiu, uchovu wa kupanda vilima, na wivu wa mwindaji aonaye mwenzake amepata pembe kubwa kuliko zake, yote ameyaandika bila kujisitiri. Tandala, mnyama anayetafutwa katika sehemu kubwa ya kitabu, msomaji humwona wazi kana kwamba amesimama mbele yake.

Wanadamu wa kitabu hicho hawakupata bahati hiyo kwa usawa. Mzee achukuaye bunduki, M'Cola, ana jina lake, na usuhuba wake na mwindaji hukua polepole mpaka ukawa moja katika mambo mazuri ya kitabu. Walakini wafuata nyayo wengine walibandikwa majina ya Kiingereza ya utani: mmoja Droopy, mwingine Garrick, jina la mwigizaji wa London wa karne ya 18, kwa kuwa mwindaji alichukizwa na madaha yake. Majina waliyopewa na wazazi wao msomaji hayajui. Mahali pamoja Hemingway akiri kwamba bara huzeeka upesi wageni wafikapo, maana hukata miti na kuichosha ardhi, hali wenyeji huishi nayo kwa mapatano. Ni maneno ya haki. Lakini mwenyeji asifiwaye hapo ni mwenyeji kwa jumla tu, asiye na uso wala hoja. Amewekwa upande mmoja na miti.

Katika kitabu cha mwindaji kasoro hii yaweza kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa adabu. Katika kitabu kingine ilikuwa na uzito zaidi. Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia kama punda milia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa kwa ajali ya ndege mnamo Januari 1959. Kitabu chao, Serengeti darf nicht sterben, na filamu ya jina hilo hilo vikatoka mwaka ule ule, na filamu ikapata tuzo ya Oscar katika mwaka wa 1960. Hapana mwenye moyo awezaye kusoma habari za baba aliyempoteza mwana bila kuhuzunika, wala hapana awezaye kukana kwamba kazi yao iliwafunza watu wa mbali thamani ya nchi ile. Hata hivyo kitabu chashikilia kwamba hifadhi haina budi kuwa pori tupu, asikae ndani yake mtu yeyote, hata mwenyeji. Katika mwaka huo wa 1959 Wamasai walitolewa katika Hifadhi ya Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Kitabu hakikuwatoa, shauri lilikuwa limekwisha kukatwa na serikali ya kikoloni. Ila kililifanya jambo lile lionekane la kawaida machoni pa wasomaji. Aliye angani huhesabu nyumbu kwa maelfu, na boma la ng'ombe huliona kama doa. Tangu mwaka 2022 familia nyingine za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, katika wilaya ya Handeni. Serikali yasema kwamba wahama kwa hiari yao, na Wamasai wengi wayakana maneno hayo. Basi swali la nani aonekane kitabuni na nani asionekane si mchezo wa wanavyuoni.

Wala mtu asidhani kwamba kalamu ya mwenyeji peke yake ni dawa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayachapa tena katika miaka ya 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Katika kitabu hicho ni shida kupata kilima kilichosifiwa kwa uzuri wake. Kuna bei, deni, hila na mapatano. Watawala wa bara wana majina na akili zao. Nsama wa Itabwa si sehemu ya mandhari, bali ni mtu wa kuogopwa. Hata Stanley yumo, naye ni mtu wa kupatana naye ujira tu, tena mwandishi alalamika kwamba hakutimiza ahadi. Kiswahili chenyewe ni cha mtu asiye na haja ya kumpendeza yeyote: kifupi, kikavu, chenye kwenda mbele.

Lakini ni nani aliyezichukua pembe hizo? Frasila moja ni kama kilo 16, na kila kilo ilikaa juu ya bega la mtu. Watumwa na wapagazi hutajwa kwa idadi, kama zitajwavyo pembe zenyewe, na watu wa bara aghalabu ni washenzi. Mfanyabiashara huyu, aliyejua kuupima moyo wa kila mtawala, hakuliona bega lile. Hivyo mtu wa Unguja na mtu wa Marekani, waliohitilafiana katika mambo mengi, wakutana mahali hapa.

Mfano ulio bora ni mdogo. Katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili katika Berlin, aeleza safari yake ya Udoe hata Uzigua. Nchi hizo zi nyuma tu ya Bagamoyo. Hapana ziwa kuu wala mlima wa theluji. Wadoe walikuwa wakiogopwa pwani kwa uvumi wa kula watu, na mwandishi mwenye tamaa ya kustaajabisha angaliridhika na uvumi huo. Mtoro, ingawa hakukosa majivuno ya kipwani, aliona kwamba watu hao wana asili na desturi zao, nazo zastahili wino mwingi kuliko nyayo zake mwenyewe. Safari ni fupi, na kilichoonwa ni kingi.

Kwa mizani hiyo vifaa kupimwa pia vijitabu vya utalii viandikwavyo leo kwa Kiswahili. Vingi vyajaa vivutio na mandhari, na mwandishi aelezaye Kilimanjaro hataji ila theluji na mita 5,895. Wapagazi wapandao na mizigo ya wengine hawamo, nao ni majirani zake. Hemingway alijua Kiswahili kidogo, na kwa hayo ana udhuru. Mwandishi wa Kiswahili, awezaye kuuliza na kuelewa jibu, hana udhuru wowote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Na katika kitabu cha safari, mwenyeji hawezi kupona iwapo hata jina lake halikuulizwa. Kwa hiyo mwandishi huyo afikapo kambini jioni, kabla hajaandika neno juu ya mlima, na amwulize jina lake mtu aliyempandishia maji.