Bega la Ng'ombe, Buyenzi

Mchomaji hodari hujulikana kabla hajawasha moto. Pita Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alasiri, kwenye zile avenyu ambako mafundi wa magari wanagonga mabati na wauza vitenge wanaita wateja, utamkuta ameinamia ubao na bega la ng'ombe. Hajaanza kukata vipande. Anaitafuta njia. Ncha ya kisu inaingia kwenye utando mweupe unaotenganisha msuli na msuli, kidole kinauvuta ule utando, na bega linaachia lenyewe, mapande manne au matano, kila pande na nyuzi zake zinazoelekea upande wake. Pande la kwanza analizungusha mpaka nyuzi zimlalie, kisha anazikata kwa kuzikingama. La pili analizungusha upya. Hakuna mapande mawili anayoyakata kwa mwelekeo mmoja bila kuyatazama.

Kazi hiyo haihitajiki kwa sarara. Sarara ni laini hata ikikatwa na mtu asiyejua, ndiyo maana zamani wachomaji wengi wa mjini walijengea jina lao juu yake bila kuulizwa maswali. Bega na shingo ni nyama ya misuli iliyofanya kazi: ng'ombe alitembea nayo, akabeba nayo kichwa na mapembe yale marefu. Nyuzi zake ukiziacha ndefu, mteja atatafuna mpaka bia iishe. Ukizifupisha kwa kisu, meno yanabakiwa na kazi ndogo.

Na sasa bega ndilo nyama ya mjini. Sababu zimepangana. Sheria ya Burundi ya 2018 ilikataza mifugo kuzurura malishoni, na ilipoanza kutekelezwa Oktoba 2021 mfugaji akalazimika kumkatia ng'ombe majani na kumpelekea zizini. Sheria ina hoja zake, maana nchi ni ndogo na mashamba yamebanana, lakini ng'ombe wa zizini anakula jasho la mtu kila siku, na jasho hilo linaingia kwenye bei. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ikaingia, masoko ya mifugo yakafungwa, mabucha yakakaa matupu. Mei 2023 thamani ya franka ikashushwa, dola ikapanda kwa karibu asilimia 38. Juu ya hayo kuna mafuta ya gari: foleni kwenye vituo zimekuwa sehemu ya maisha ya Bujumbura, na mbuzi aliyetoka mikoani anafika mjini na gharama ya foleni hiyo mgongoni. Anayedhani atakimbilia samaki aende ufukweni aulize bei ya mukeke.

Bei ilipopanda, wachomaji waligawanyika. Wengine walipunguza kipande kimyakimya, mshikaki ukabaki na urefu uleule, vitunguu vikaongezeka, pilipili ikakolezwa ili ulimi usihesabu. Ni ujanja wa siku chache. Tena ni ujanja unaojidhuru wenyewe, kwa sababu kipande kidogo kinakauka kabla hakijashika rangi, na mteja analipia kitu kigumu chenye ladha ya moshi.

Wale ninaowastaajabia waliacha kipande kiwe na ukubwa wake na wakarudi kujifunza nyama upya. Tazama mmoja wao anavyotunga. Mshikaki ni chuma chembamba, mara nyingi spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha. Vipande viwili vya mnofu, kisha kidonge cha mafuta kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kisha mnofu tena. Mafuta yale kwenye bucha nyingi yanatupwa au yanauzwa kwa bei ya kutupa. Hapa yanayeyuka polepole na kuulowanisha mnofu ulio jirani yake. Vipande anavisukuma vigusane, kwa kuwa kila uso unaoachwa wazi ni mlango wa kutokea maji. Miisho yote miwili anaweka kitunguu. Moto huanza kuunguza miisho, basi heri kiungue kitunguu.

Utando aliouchuna hautupwi, wala mifupa. Vyote viko kwenye sufuria ya supu ya kesho asubuhi. Utumbo wa mbuzi, ambao jirani zetu Wanyarwanda huuita zingalo unapochomwa, nao umepanda hadhi: unaoshwa kwa maji mengi na ndimu, unachemshwa, unasokotwa kwenye kijiti na kumaliziwa motoni mpaka nje ulie kwa ukavu. Wapo wanaouagiza kwanza kabla ya nyama, na sidhani ni kwa umaskini tu.

Moto wenyewe ni pipa lililopasuliwa katikati. Makaa nayo ni ghali, hivyo anayarundika upande mmoja na kuyatandaza upande wa pili kwa tabaka jembamba. Haweki nyama mpaka makaa yavae majivu. Upande mkali unatoa rangi, upande mpole unaivisha, na mishikaki inahama kati ya pande hizo kwa zamu ambayo haijaandikwa popote. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikaruka, hapepei tena. Anausogeza mshikaki na kunyunyiza maji ya chumvi kwa vidole. Mteja mmoja alipaza sauti: "Mzee, ongeza moto, tuna njaa." Akajibiwa bila kugeuziwa uso: "Nikiongeza, utakula kidogo." Hakuwa anatania. Nyama iliyochomwa kwa moto mkali mpaka ndani inaweza kupoteza theluthi ya uzito wake kwa maji yanayotoka, na theluthi hiyo imeshalipiwa bucha. Usiku, kazi ikiisha, makaa yaliyobaki anayafunika kwa bati yakose hewa. Kesho yanawashwa tena.

Nyumbani, kwenye mbabula, lile jiko la makaa la uani, mambo ni mepesi zaidi kwa sababu hakuna mteja anayegonga meza. Papai bichi lililoparwa hulainisha bega vizuri, lakini nusu saa inatosha. Likiachwa muda mrefu, uso wa nyama unakuwa uji na hakuna moto utakaourudisha. Shingo ichemshwe kwanza kwa moto mdogo na tangawizi, saa moja na nusu au mbili, ndipo ipelekwe kwenye makaa kushika rangi. Najua wapo watakaosema hiyo si nyama choma. Waache waseme, kano za shingo zinataka muda na unyevu ili ziyeyuke, na makaa matupu hayana hata kimoja kati ya hivyo. Mchuzi unaobaki unakula ugali wa siku ya pili. Chumvi itiwe mapema sana au dakika ya mwisho, maana katikati ya hapo inavuta maji juu na nyama inatokota badala ya kuchomeka. Maharage na ndizi za kuchoma pembeni vinafanya mishikaki miwili itoshe mahali palipokuwa panataka minne, na Warundi hawakuhitaji kupandishiwa bei ili kuyajua maharage.

Basi ukifika Buyenzi au Bwiza na njaa yako, usiagize sarara. Mwambie mchomaji akupe bega, uliza limekatwa lini, kisha kaa. Atachukua nusu saa, pengine zaidi. Mlipe anachotaja na usimharakishe.