Mtandao wa vijana wenye saikosisi: ile "mara 5.5" isitufumbe macho

Kuna namba moja kutoka Australia ambayo ukishaisikia huisahau. Vijana waliowahi kupata saikosisi walipewa mtandao wao maalumu wa kijamii, na ongezeko la nafasi yao ya kupata kazi au kurudi masomoni likawa kubwa mara 5.5 kuliko la wenzao wasiokuwa nao. Namba tamu. Tatizo ni kwamba hilo halikuwa swali kuu la utafiti wenyewe. Swali kuu lilikuwa jingine, na jibu lake lilikuwa: hakuna tofauti.

Turudi nyuma kidogo. Saikosisi ni hali ya mtu kupoteza mshiko wa uhalisia. Anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kabisa kwamba kuna watu wanamfuatilia. Mtaani tunasema "kichaa" na mjadala unaishia hapo. Mara nyingi huanza ujanani, umri uleule wa kutafuta marafiki, mchumba na kazi. Dawa na ushauri vinaweza kutuliza dalili, lakini marafiki waliokimbia hawarudishwi na dawa.

Jijini Melbourne kuna huduma iitwayo EPPIC, iliyoanza 1992 chini ya Patrick McGorry. Huwahudumia vijana hawa kwa takribani miaka miwili, kisha wanaruhusiwa. Hapo ndipo penye hatari, maana kijana aliyezoea timu nzima anabaki na wachache au hana kabisa. Kuziba pengo hilo, timu ya Mario Alvarez-Jimenez ilijenga HORYZONS, mtandao uliofungwa ambapo vijana huandikiana, hufanya mazoezi ya kisaikolojia na kusaidiana kutatua matatizo. Wanaousimamia ni wataalamu, pamoja na vijana waliowahi kuugua wenyewe.

Jaribio la kwanza, la vijana 20 kwa mwezi mmoja, lilichapishwa 2013. Kubwa likatoka 2021 katika jarida la World Psychiatry: vijana 170 wa miaka 16 hadi 27, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata huduma ya kawaida, nusu wakaongezewa HORYZONS, kwa miezi 18. Kwa utafiti wa aina hii, miezi 18 ni mingi, na hapo nawavulia kofia.

Swali kuu lilikuwa hili: je, mtandao unaboresha namna kijana anavyoishi na watu na kumudu majukumu yake? Makundi yote mawili yalikuwa na hali nzuri tangu mwanzo na yakabaki hivyo hadi mwisho. Hili halishangazi sana, kwa sababu waliochaguliwa ni wale ambao dalili zao zilikuwa zimeshatulia. Ukimpima uzito mtu ambaye hajapungua, utamwongezea nini? Lakini matokeo ni matokeo. Watafiti waliyaandika wazi, na sisi wasimuliaji hatuna ruhusa ya kuyaruka.

Sasa ile 5.5. Kwanza, haimaanishi kwamba walioajiriwa waliongezeka mara tano na nusu. Kinachozidishwa ni uwiano wa waliopata kwa waliokosa. Chukua mfano wa kubuni: kati ya vijana 100, 50 wamepata kazi na 50 wamekosa, yaani uwiano ni 1. Uzidishe kwa 5.5 na utapata takribani 85 kwa 15. Ni hatua kubwa, lakini kutoka 50 hadi 85 si hata mara mbili.

Pili, ukisogeza macho kidogo kulia mwa namba hiyo, utaona makadirio yenyewe yanatanda kutoka 1.09 hadi 28.23. Kwa lugha nyepesi, faida inaweza kuwa kubwa ajabu, au karibu na sifuri. Na ukipima mambo mengi kwa mpigo, moja au mawili yanaweza kung'aa kwa bahati tu.

Tatu, inasemwa kwamba waliotumia mtandao zaidi ndio walionufaika zaidi. Sawa, ila kutumia zaidi hakukuamuliwa kwa bahati nasibu. Asilimia 47 waliendelea kuingia kwa angalau miezi tisa. Inawezekana mtandao uliwainua. Inawezekana pia kwamba aliyekuwa na nguvu ya kuamka na kuingia mtandaoni ndiye aliyekuwa na nguvu ya kutafuta kazi.

Kwa maoni yangu, matokeo yanayostahili kuzungumzwa zaidi ni mengine: asilimia 19 ya waliokuwa na HORYZONS walikwenda huduma za dharura, dhidi ya 39 ya wenzao. Nayo yanahitaji kurudiwa kabla ya kushangiliwa, lakini yanagusa pengo lenyewe ambalo mtandao ulijengwa kuliziba, yaani siku ambayo mambo yanaharibika na hujui umwambie nani.

Je, kilichosaidia ni vijana wenzao, au ni msimamizi aliyejibu? Utafiti huu hauwezi kutuambia, kwa sababu vyote vilikuja katika kifurushi kimoja. Jaribio linalohitajika ni la kutenganisha: kundi moja lipate mtandao pamoja na wasimamizi, jingine lipate wasimamizi wale wale kwa simu tu.

Hili si suala la wanatakwimu peke yao. Anayepanga bajeti akisikia "mtandao" atanunua programu na kupunguza wauguzi. Na tukitaka kuuleta Tanzania, tukumbuke kwamba hata kundi la huduma ya kawaida kule Melbourne lilikuwa limetoka kwenye miaka miwili ya timu maalumu. HORYZONS ni ghorofa ya pili. Kabla hatujaulizia bei yake, tuulize kwanza ya chini tumeshaijenga?