Kitambaa Hakivutwi

Gari lililozeekea Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, hujulikana kwanza kwa dari lake. Injini yaweza kuwa nzima, chesi ikawa haijapinda licha ya barabara ya Kabambare, lakini kitambaa cha juu kimeshuka tumbo, kinamgusa dereva utosini, na kila tairi linapoingia shimoni kinamwaga vumbi la rangi ya chungwa mabegani mwa abiria. Wengine hukibana kwa pini. Wengine hukichana chote, wakang'oa na ubao wake, wakaendesha chini ya bati tupu, nao hujuta masika yakiingia: usiku bati hupoa, unyevu wa pumzi na wa nguo zilizolowa hujikusanya juu yake, na alfajiri matone huanza kudondoka shingoni. Mchana bati hilohilo huchoma vichwa, na barabara ya mawe huifanya kabini ivume hata watu waliokaa bega kwa bega wasisikilizane. Kumbe dari lile lilikuwa linafanya kazi muda wote.

Mwenye gari hulaumu gundi, na mara nyingi anaionea. Kati ya kitambaa na ubao wa dari kuna sponji nyembamba, ya milimita tatu hivi, iliyoshikamana na kitambaa tangu kiwandani. Sponji hiyo ni poliurithani, na aina nyingi za poliurithani hazipatani na joto lenye unyevu. Maji yaliyomo hewani huivunja kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka inabaki unga. Kasongo iko nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa ikweta, karibu na mto Lualaba, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hewa yake ni nzito. Ukikichana kitambaa kilichoanguka utaona ushahidi wenyewe: gundi bado imeng'ang'ania ubaoni pamoja na utando wa sponji, na mgongo wa kitambaa nao umebeba utando wake. Kilichokatika ni katikati. Ndiyo maana anayetoboa tundu na kumimina gundi mpya anapoteza fedha. Anagundisha kitambaa kwenye vumbi.

Fundi niliyejifunza kwake kutazama kazi hii si mtu wa garaji. Ni mshonaji wa kanzu, baba wa makamo, ambaye madereva walianza kumletea dari zao kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumpelekea, naye akazipokea kwa heshima ileile anayoipa nguo ya Idi.

Na mji huu una mambo yake ya zamani na kitambaa. Kabla kitambaa cha merikani hakijafika kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, watu wa Maniema walifuma viramba kwa nyuzi za mwale. Baadaye, zama za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, Kasongo ikawa mji mkubwa wa Waswahili na Waarabu. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo ya zama hizo na jeshi la kikoloni la kamanda Mbelgiji Dhanis mwezi Aprili 1893, ameeleza jinsi hata askari wa kawaida walivyojikuta wakilalia magodoro ya hariri. Mali ile ilitokana na pembe za ndovu na watu waliouzwa, kwa hiyo siisifu. Ninachokisifu ni mikono iliyobaki: watu wanaojua, kwa kukigusa tu, kitambaa kitanyooka upande gani na kitagoma upande gani.

Kazi yenyewe yaweza kufanywa na mwenye gari, uani kwake, akiwa na bisibisi, brashi, gundi, makasi na mtu wa kumsaidia. Haidai mashine. Hudai mtu asiye na haraka. Vikinga jua hutoka kwanza, kisha vishikio vya mkono, taa ya ndani, vifuniko vya nguzo, na raba za milango zinazouma kingo za ubao. Klipu za plastiki zilizopigwa na jua kwa miaka mingi huvunjika kwa sauti ndogo kavu, na hapa Kasongo klipu iliyovunjika haina duka. Kwa hiyo fundi huingiza kisu cha mbao nyuma yake na kungoja iachie. Gari likiwa na mifuko ya hewa ya usalama kwenye kingo za dari, betri hufunguliwa mapema na nyaya za mifuko hiyo haziguswi kabisa. Ubao hutolewa kwa mlango wa nyuma, viti vikiwa vimelazwa, watu wawili wakiubeba bila kuupinda. Ubao wa dari ni mwepesi mno, ni nyuzi zilizoshindiliwa tu, na ukikunjika alama haifutiki.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo hakuna abiria atakayeiona kamwe. Kitambaa cha zamani huvuliwa kwa urahisi, na chini yake ubao wote umefunikwa na unga wa chungwa, unaonata kidogo vidoleni kama unga wa muhogo ulioingiwa na mawese. Huo unga wote uondoke. Fundi hujifunga kitambaa puani, huuweka ubao juu ya meza mbili zilizounganishwa, akashika brashi ya nywele ngumu kiasi. Brashi ya waya hataki hata kuiona, kwa kuwa hukwangua nyuzi za ubao zikasimama, na kila unyuzi uliosimama utaonekana chini ya kitambaa kipya. Anasugua kuelekea upande mmoja, anapuliza, anasugua tena. Kwenye mashimo ya vikinga jua na pembezoni mwa taa anatumia brashi ya meno. Saa zinapita. Mtu asiyejua akipita atadhani hakuna kinachotendeka.

Nilimwuliza mbona hampi kijana wake kazi hiyo, yeye akashona kanzu.

"Mwanangu, akisugua mwingine, mimi nitajuaje kama imekwisha?"

Kisha akanionyesha anavyojua. Alichukua kipande cha kitambaa cheusi, akakipitisha ubaoni kwa kiganja, akakigeuza juani. Kilikuwa na kivuli cha rangi ya chungwa, hafifu sana, mimi nisingekiona. Akarudi kwenye brashi. Nimewaza sana kuhusu kile kipande cheusi. Macho ya mtu aliyechoka humwambia kwamba kazi imekwisha hata kama bado, na fundi huyu alikuwa amejitafutia shahidi asiyechoka.

Ubao uliovunjika kona huungwa wakati huu: bandeji ya dukani iliyoloweshwa gundi ya mbao, tabaka mbili upande wa nyuma, kisha kungoja ikauke.

Kuhusu kitambaa, vijana hupenda kikwembe. Kweli hupendeza, na sioni ubaya gari kuvaa rangi za nyumbani. Lakini kikwembe ni pamba iliyofumwa wima na mlalo, hakinyooki, na dari la gari limejaa mabonde: bonde la taa, bonde la kikinga jua, mteremko wa kioo cha mbele. Kikifika bondeni hujikunja. Tena ni chembamba, gundi hukipenya ikaacha madoa yasiyotoka. Bora kitambaa kilichosukwa kwa vitanzi, kinachonyumbulika kila upande, chenye sponji nyuma au angalau unene wa kuficha vifundo vya gundi. Mwenye ndugu Bukavu humwagiza. Kikatwe kikubwa kuliko ubao, kizidi upana wa kiganja pande zote. Kikipungua hakirefuki.

Gundi inayopatikana ni ile ya washona viatu, kole ya kopo, na si mbaya ikiwa mtu ataiheshimu. Hupakwa pande zote mbili, nyembamba, kisha pande zote huachwa mpaka kidole kikigusa kinahisi unato lakini hakitoki na kitu. Anayekutanisha mapema hufungia maji ya gundi ndani, na jua la kwanza kali litayafanya yafure mapovu. Unyevu nao una hila yake. Gundi inapokauka hujipoza, na hewa ikiwa nzito, umande mwembamba huifunika ukawa utando mweupe usioshika chochote. Kwa hiyo fundi hagundishi asubuhi ya mvua, hata mteja akilalamika. Miezi yake ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti, jua likishakausha umande. Na hufanya nje, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa gundi hushika moto na huumiza kichwa.

Sasa kulaza. Kitambaa hutandazwa chote juu ya ubao bila gundi, kikasawazishwa, kisha nusu yake hukunjwa kurudi nyuma. Nusu hiyo ndiyo hupakwa gundi kwanza, ubao na kitambaa. Msaidizi hushika ncha juu, hewani, na fundi huanza katikati kabisa, kiganja kikienda mbele na pembeni, kidogokidogo, hewa ikitoka mbele ya mkono. Hapa msaidizi mgeni hukosea kwa nia njema: anaona kitambaa kimelegea, anakivuta.

"Usivute. Kilishe."

Kulisha ndiko ufundi wote wa kulaza. Kitambaa kikifika bonde la taa, mkono unaokivuta utakirusha juu ya bonde kikabaki kimetanda hewani, kimenyooka vizuri, kikipendeza siku hiyo. Baada ya wiki za joto kitaanza kujikwamua kwenye kingo na bonde litageuka puto. Fundi hufanya kinyume. Hukusanya kitambaa cha ziada kwa vidole vya mkono wa kushoto, akakisukuma kishuke mpaka chini ya bonde kwa mgongo wa kijiko, kishike pale, ndipo akapanda ukuta wa bonde upande wa pili. Nilimtazama akiyamaliza mabonde mawili ya vikinga jua namna hiyo, bila kunyanyua kichwa, na kitambaa kikawa kimevaa ubao bila mkunjo hata mmoja. Kisha nusu ya pili. Kisha kingo, zilizokunjwa nyuma na kugundishwa. Tundu la taa hukatwa msalaba, si duara, na ndimi zake nne hukunjwa ndani.

Magari ya kale, kama Volkswagen za kobe, yana namna nyingine: dari lao ni kitambaa kilichoshonwa mifuko na kuning'inizwa kwenye vyuma vyembamba vilivyopinda. Kila chuma kina pindo lake, kwa hiyo huandikwa namba kabla ya kutolewa. Hiyo ni kazi ya cherehani kwelikweli.

Ubao ukisharudi mahali pake, gari lilale milango wazi mpaka harufu iishe. Halafu liende safari yake ya kwanza juani, na likirudi, pitisha vidole sehemu tatu: ukingo wa juu ya kioo cha mbele, ndani ya bonde la taa, na juu ya mlango wa nyuma ambapo watu hujishikilia wakipanda. Ukikuta povu dogo, usilichane. Tone la gundi kwa bomba la sindano, lipenyezwe kati ya vitanzi vya kitambaa, na kiganja kikae juu yake kwa utulivu mpaka lishike.