Kitufe Kimoja Tu! Ruger Mark IV Mkononi

Jamani, kitufe! Ruger wameweka kitufe kimoja nyuma ya fremu ya bastola, na kazi ya kuifungua iliyowatoa watu jasho kwa zaidi ya miaka sitini imekwisha. Unatoa magazini, unahakikisha chemba ni tupu, unaweka sefti, unabonyeza. Mtutu unainuka na kubaki mkononi, boliti inateleza nje yenyewe. Nimeifungua na kuifunga, kisha nikaifungua tena kwa raha tu, hapa mezani kwenye uwanja wa shabaha Texas, jirani yangu akinitazama kama nimerukwa na akili.

Asiyewahi kusafisha Ruger ya zamani hawezi kuielewa furaha hii. William B. Ruger alitoa bastola yake ya kwanza ya .22 mwaka 1949 kwa dola 37.50, boliti yake ya mviringo ikiwa imefuata wazo la bastola ya Kijapani ya Nambu. Mshirika wake, Alexander Sturm, alichora tai mwekundu wa nembo. Sturm alipofariki 1951, tai akageuzwa mweusi. Bastola ilikuwa imara, ya bei nafuu, na inalenga vizuri ajabu. Ila kuirudishia vipande vyake! Uishike kichwa chini, uitingishe, uombe nyundo ya ndani ikae mahali pake, halafu utafute nyundo ya mpira uigonge ifunge. Mark II ikaja 1982, Mark III ikaja 2004, tabu ileile. Wenye nazo wengi waliamua bora ikae na uchafu wake. Kitufe kimekuja na Mark IV, mwaka 2016.

Hii niliyoishika ni Mark IV 22/45 Lite. Nyepesi hadi inachekesha, gramu 700 hivi, na mshikio wake wa plastiki ngumu umefuata pembe ya Colt 1911, kwa hiyo ukiinyoosha tu macho yanakutana na shabaha. Magazini inabeba risasi 10. Na kupiga? Hakuna teke! Mkono unaguswa tu, chuma cha mita kumi mbele kinalia ting, ting, ting, na kabla hujajua magazini imeisha na boliti imebaki wazi ikidai nyingine. Hapo ndipo utamu wa .22 ulipo: kwa bei ya risasi moja ya milimita 9 unapiga mbili au tatu za hizi, kidole kinajifunza kuvuta polepole bila mwili kushtuka.

Anayetaka kutoboa karatasi tu, tundu juu ya tundu, achukue Mark IV Target yenye mtutu mnene wa inchi 5.5. Inazidi kilo moja, na uzito huo ndio unaotuliza mkono. Kuibeba kiunoni kutwa nzima ni habari nyingine.

Sasa tuje kwa wanyama waharibifu. Panya wa ghala la chakula cha kuku, au kindi anayetafuna kila kitu: Lite inatosha, mradi usogee karibu na nyuma ya mnyama kuwe na udongo. Udongo, si ukuta wa mawe, wala si bati. Risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au maji huchepuka itakako. Na kelele usiidharau. Ndani ya banda, bila vizuia sauti masikioni, utajuta.

Kwa nyoka, lakini, nakiri kuna inayoizidi, na bei yake ni chini ya nusu. Ruger Wrangler, rivolva ya risasi sita iliyotoka 2019, inatema zile risasi za .22 zilizojazwa vichembe vidogo mno vya risasi. Kwenye bastola ya kujipakia yenyewe kama Mark IV, mara nyingi hizo hazina nguvu ya kusukuma boliti, nayo inakwama. Wrangler haina haja ya kusukumwa na chochote: unavuta nyundo kwa dole gumba, unafyatua. Polepole, ndiyo, lakini nyoka wa hatua mbili hahitaji magazini ya risasi kumi.

Bado mimi nimeshanaswa na kitufe. Kwa anayenunua iliyotumika: Mark IV zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 Ruger iliziita zirudishwe, kwa kuwa sefti ikiwa nusu njia na kifyatulio kikavutwa, risasi ingeweza kutoka baadaye sefti inapoguswa. Muulize muuzaji kama ilirekebishwa, na umwonyeshe tovuti ya kampuni akisitasita. Mimi sasa hivi naulizia bei ya magazini mbili za ziada.